Kabla Hujawasimulia Wenzako Habari za Kasa

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu Nuru, siku Bwana Shee wa Ndau alipomkuta binamu yangu Twalib amesimama ufukweni Kipungani akijifanya ni yeye. Nilikuwa nimeshika kopo la maji. Jua lilikuwa kali, watoto wote tunacheka, na ndani ya shimo tulilolichimba mchangani kulikuwa na kasa mdogo anayekufa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba anakufa.

Nitaifikia siku hiyo. Kwanza nikwambie kwa nini nimeketi kuandika badala ya kukuita jikoni tuzungumze. Ni kwa sababu bado nina hasira, na nikiwa na hasira kinywa changu hubweka. Mtaa mzima unajua.

Jumamosi mlipelekwa Manda na shule kuona bwawa la kasa. Ukarudi umefurahi, nami nikafurahi kwa kuwa umefurahi. Kisha mwalimu akatutumia wazazi picha. Wewe huyo, umevaa kofia ya kuazima, mguu mmoja umeuweka juu ya gamba la kasa kama mtu aliyeteka ngome. Nikajiambia, Esha, usianze. Halafu ukamwita mdogo wako Sudi uani, ukaanza kufanya mazoezi ya maneno yako ya Ijumaa, maana umechaguliwa usimame mbele ya shule nzima uwaeleze ambao hawakwenda. Nikakusikia kwa masikio yangu: "Kasa ni mgumu kama jiwe! Hasikii kitu! Hata ukimpanda!"

Sudi ana miaka minne. Akaondoka pale pale, akaenda akampanda paka.

Hapo ndipo nilipopiga ukelele. Paka kamkwaruza Sudi kuanzia goti mpaka kifundo, Sudi analia, wewe unalia, bibi yako anauliza kutoka ghorofani ni nani aliyekufa. Nawe ukanijibu, "Lakini mama, mwenye kutueleza ndiye aliyetwambia!"

Najua. Neno hilo ndilo lililonikalisha chini. Ijumaa ni wewe utakayekuwa mwenye kueleza, na walio mbele yako watakuwa wengi kuliko Sudi.

Watu watasema, Esha naye ameanza kutoa nasaha, amekuwa mzee lini? Kweli, si mzee. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nina mtoto ambaye bado ananipanda kifuani akitaka kulala. Lakini waliostahili kukwambia haya wamelala makaburini, na waliobaki wako barazani wanabishana mambo ya siasa. Basi sikiliza kwangu, wewe na wenzako wa rika lako.

Tulikuwa darasa la saba. Siku hizo Kipungani palikuwa kimya, mwanangu, kimya ambacho sijakipata tena tangu nilipoolewa huku mjini. Asubuhi uliwasikia kina mama wakisuka ukili wa majamvi na kutetana kwa sauti za chini, ukasikia shoka la fundi wa mashua, basi. Ukisikia boti ya mashine ulijua kuna jambo. Na siku ile boti ilikuja kwa ajili yetu, kutupeleka Manda.

Mwalimu wetu, Mwalimu Mutua, alikuwa mtu wa Kitui. Mtu mwema, alitufundisha hesabu mpaka tukazipenda, lakini maji aliyaogopa kama kifo. Alivaa jaketi la kuokolea tangu nyumbani kwake, akapita nalo mbele ya wazee waliokaa nje ya msikiti. Mmoja akamwita, "Mwalimu! Huku bado ni nti kavu!" Wakacheka mpaka wakakohoa. Naye Mwalimu akainua mkono akawaamkia kwa adabu, akaendelea na safari yake amefura kama mto wa kulalia.

Bwawa la wakati huo si kama hili mlilolikuta nyie. Hakukuwa na spika, hakukuwa na mabango ya rangi wala mahali pa kupigia picha. Mtu mmoja na mkewe, wapenda wanyama, walijenga kuta za saruji pembeni mwa bahari, maji yakiingia na kutoka yenyewe, na wavuvi wakawa wanawaletea kasa waliokatwa na nyavu au kugongwa na boti. Wakipona, wanarudishwa baharini. Watu wakaanza kuja kutazama. Na watu wakija kutazama watauliza, na wakiuliza lazima awepo wa kuwajibu. Ndipo wakamchukua Bwana Shee.

Bwana Shee alikuwa amevua kasa ujana wake wote, kabla serikali haijakataza. "Na hata kidogo baada ya kukataza," alisema mwenyewe huku akimtazama Mwalimu Mutua kwa jicho moja. Alikuwa mwembamba, mrefu, kikoi chake safi daima, na mikono yake ilikuwa haitulii. Akisema samaki, mkono unakuwa samaki. Akisema wimbi, wewe mwenyewe unajishika usianguke.

"Ketini," alitwambia. "Huyu mumuonao ni Bi Mkubwa. Wavu umemkata mkono. Akipona huenda zake kwao. Haya, sasa niwape habari."

Hayo ndiyo yote aliyosema juu ya Bi Mkubwa. Lishike hilo.

Habari yenyewe ilikuwa ya taza. Taza ni samaki mrefu ambaye juu ya kichwa ana kitu kama soli ya kiatu, na kwa hicho hujibandika. Sehemu nyingine humwita chazo. "Hujibandika kwa papa, kwa kasa, kwa chombo, kwa lolote litakalomtembeza bure," alisema Bwana Shee. "Mvivu kama shemeji." Tulikufa kwa kicheko. Akatwambia jinsi wazee walivyomfuga awavulie kasa, walivyomfunga kamba ya mkiani, walivyomsemesha kwa upole maana taza akitukanwa hususa. Kisha akawa yeye ndiye taza. Akainama, akapita nyuma ya wasichana, akanyata, na kwa ghafla akampiga Mwalimu Mutua kiganja mgongoni. "Taa! Keshamshika kasa!" Mwalimu akaruka, jaketi likampanda mpaka masikioni. Halafu Bwana Shee akavuta kamba ambayo haikuwepo, polepole, na sisi sote tukavuta naye, wallahi, mpaka kasa ambaye hakuwepo akapanda chomboni akalazwa chali asikimbie.

Sijamsikia tena mtu anayesimulia vile. Nimesikia masheikh, nimesikia wanasiasa wakati wa kura. Hakuna.

Tukanywa soda, tukarudi. Na ndani ya boti, mwanangu, hakuna aliyemtaja Bi Mkubwa. Hakuna aliyeuliza mkono wake utapona lini. Boti nzima ilikuwa ni taza, taza, taza. Twalib, mtoto wa mjomba wangu Famau, alikaa kimya kwenye pua ya boti. Twalib akikaa kimya, mama yake alikuwa anafungia kuku.

Hazikupita wiki nyingi, mashua moja ikapandishwa pwani kupakwa mafuta, na chini yake amebanduka taza. Twalib akamchukua. Akamtia kwenye tenga la samaki, akalizamisha kwenye mkono wa bahari kule mikokoni, akawa anamlisha dagaa. Akampa jina, Shemeji. Kila siku baada ya chuo cha Kurani anakwenda kumsemesha. Na alimsemesha kwa upole kweli, maana ndivyo alivyoambiwa.

Sitakupeleka katika hori yao, mtumbwi ule mdogo, siku waliyokwenda, kwa kuwa sikuwemo. Ninachojua ni kwamba walikwenda Twalib na mwenziwe, wakamwona kasa mdogo anakula nyasi za chini, wakamwachia Shemeji, na Shemeji akashika. Kwa bahati mbaya ilifanikiwa mara ya kwanza.

Hawakutaka kumla. Elewa hilo. Hakukuwa na njaa wala ubaya. Walitaka bwawa lao. Wakachimba shimo pale juu ambapo maji ya kujaa hayafiki, wakamlaza kasa chali kama habari ilivyosema, na Twalib akavaa kofia ya baba yake, akatukalisha watoto wote wa Kipungani juu ya majamvi aliyoyatoa kwa mama yangu bila kuomba. Mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kuleta maji. Tukimwaga, mchanga unakunywa. Tukimwaga, unakunywa.

Na Twalib alikuwa hodari! Alikuwa Bwana Shee mtupu. Sauti ile, mikono ile. "Mvivu kama shemeji," watoto wanaanguka. Kasa alikuwa anapunga mikono yake hewani, taratibu, na mtoto mmoja akasema tazama, anatuaga. Tukacheka na hilo pia.

Siku hiyo hiyo Bwana Shee alikuwa amekuja Kipungani kumwona mama yangu, kuagiza majamvi ya kukalia wageni kule bwawani. Mama alipotafuta majamvi ya kumwonyesha akayakosa. Wakafuata sauti za watoto.

Sisi tuliokuwa tumekaa tulimwona. Twalib alikuwa ameupa mgongo mji, hakumwona. Tukanyamaza mmoja mmoja. Twalib akadhani tumenogewa, akazidi kupandisha sauti.

"Weye ni nani?" Bwana Shee akamuuliza kwa nyuma.

"Mimi ni Bwana Shee wa Ndau," Twalib akajibu bila kugeuka, "nimevua kasa tangu sijaota ndevu."

Hakuna aliyecheka. Twalib akageuka. Kofia ikamtoka.

Mama yangu alikuwa ameshainua mkono wa kumpiga, na mkono wa mama ulikuwa mzito. Bwana Shee akamzuia. Aliruka ndani ya shimo, mzee yule, akamgeuza kasa, akatia kiganja chini ya koo lake, akakaa vile kidogo. Kisha akavua kanzu akaiacha mchangani, akambeba kifuani kama mtoto mchanga, akashuka naye mpaka majini.

Alisimama kule maji yakiwa kifuani, amemshika kasa kichwa kiwe juu apate kuvuta hewa. Alisimama muda mrefu. Maji yalikuwa yakitoka, naye akawa anayafuata, hatua kwa hatua, anazidi kwenda mbali nasi. Hakuna aliyetuambia tukae lakini hatukuondoka. Tulipoona kasa amepiga mkono mmoja, kisha wa pili, tulisimama wote. Akaondoka kwa upande upande, kama mtu aliyeamka na homa.

Bwana Shee alirudi ametota, akaketi juu ya majamvi yetu. Twalib alikuwa analia bila sauti.

"Atapona, Babu?" nilimuuliza mimi.

"Sijui. Nanyi hamtajua." Akamgeukia Twalib. "Ewe mwanangu, habari yangu umeishika vizuri kunipita mimi. Sasa niambie. Siku ile niliwaambia nini baada ya taza?"

"Hukutwambia kitu, Babu. Ulitwambia tukanywe soda."

"Na Bi Mkubwa? Sikuwaambia habari ya Bi Mkubwa?"

Twalib akamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Nani?"

Bwana Shee akatuuliza sote. Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa na nini? Mmoja akasema ameumwa na papa. Mwingine akasema amezaliwa hivyo. Wavu hakuutaja mtu. Wala hatukuwa wajinga, tulikuwa tunaongoza kwa mitihani tarafa nzima.

Akafuta uso kwa mikono miwili. "Basi nimewapa nusu," akasema, "na nusu niliyowapa ndiyo tamu." Hapo akainuka, akamwambia mama yangu majamvi yale yale yanamfaa, akaenda zake. Kofia ya mjomba Famau ikabaki pale mchangani mpaka mtu akaiokota.

Baada ya hapo tulisikia kwamba amewaambia wale mtu na mkewe kuwa habari ya taza hataisema tena. Walimsihi. Wageni waliipenda hiyo kuliko yote, wengine walirudi na jamaa zao kwa ajili yake tu. Akakataa, wakagombana, akarudi kwao Ndau. Kwa muda bwawa likawa halina msemaji. Watu wanakwenda, wanatazama, wanawatupia kasa vipande vya mkate, wanaondoka. Hatimaye wakamfuata Ndau, wakamwambia njoo, sema upendavyo.

Mimi nilimwona tena nikiwa kidato cha kwanza, siku tuliyopeleka majamvi mapya mimi na marehemu babangu, yaani babu yako Haji. Tulikuta wageni. Wazungu wawili, mama mmoja mwalimu kutoka bara, na askari polisi wa hapa mjini aliyekuwa likizo, mtu wa kifua, amevaa miwani ya jua. Bwana Shee akamwita babangu aje, "Bwana Haji, ndoo uketi nawe." Babangu hakutaka. Alikuwa mvuvi wa jarife, nyavu zile za macho makubwa zinazolazwa baharini mpaka zifuatwe. Mtu wa jarife kasa si jambo geni kwake. Humtoa wavuni mzima au mfu. Lakini alikuwa amekwisha kuitwa, akaketi.

Bwana Shee akawa anatazama maji tu. Watu wakasubiri, askari akatazama saa yake. Ndani ya bwawa kasa akapanda juu, ukamsikia, pfuu, akavuta pumzi, akashuka.

"Sasa," akasema Bwana Shee, "nanyi vuteni. Mumsubiri mpaka apande. Msipumue kabla yake."

Ikawa kama mchezo. Mwalimu mama ndiye aliyeachia kwanza, akacheka. Kisha mzungu mmoja. Nami nikaachia, macho yamenitoka, mato kama wanavyosema Waamu. Yule askari aliona aibu kushindwa, akawa mwekundu, akawa mweusi, akatoa miwani, mwisho akapasuka kwa kikohozi na kusema, "Mzee, huyu mnyama ni wa kweli?" Kila mtu alicheka ila babangu. Babangu alikuwa bado amezuia, yeye mpiga mbizi, anajivunia mapafu yake. Shingo imesimama mishipa. Kasa yuko chini ametulia, hana haraka. Babangu akaachia kwa kishindo, akashika ukuta wa saruji.

Bwana Shee akangoja mpaka kasa akapanda mwenyewe, pfuu. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Huyo ametulia. Akiwa wavuni anapapatika, pumzi humwishia upesi. Naye hajui ni lini mwenye wavu atakuya."

Basi. Hakumtazama babangu. Akachukua ufagio mdogo wa makumbi ya nazi, akamkuna kasa mgongoni juu ya gamba, na kasa akaanza kutikisa mkia na makalio kama mtoto anayetekenywa. Wageni wakafurahi sana. "Mwaona?" akasema. "Gamba lina ngozi yake. Husikia mpaka unyasi."

Njiani babangu alinipa mgongo. Nilidhani ameudhika kwa kushindwa mbele ya watu wa bara. Lakini tangu siku hiyo akawa anaamka mapema kuliko ada yake. Jarife alilokuwa akiliacha mpaka jua lipande, akawa analifuata alfajiri, akitoka tu kuswali. Mama akanung'unika, "Kuna nini huko?" Anajibu, "Nataka kuutazama wavu." Siku moja alirudi mikono imekatika kwa kamba, samaki hana, na furaha tele. "Alikuwa bado anahema," akamwambia mama. Mama hakujua anamsema nani. Mimi nilijua.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa kuujua uzito wa mtu anayesimama mbele ya mnyama akasema neno. Kinywa kile kile, bwawa lile lile. Mara ya kwanza alitupeleka tukamtesa kasa huku tukicheka, na mara ya pili alimtoa mtu mzima kitandani bila kumwamrisha. Bwana Shee amekufa, Mungu amrehemu. Wale mtu na mkewe wamekwenda kwao. Twalib ni fundi wa friji Mombasa. Nilimpigia simu kumwambia habari ya picha yako. Akauliza tu, "Alimpanda?"

Jumatatu nilikwenda Manda. Hukujua. Nilimwachia bibi yako Sudi, nikapanda boti, nikaenda na hasira zangu zote. Nikamkuta huyo mwelezaji wenu, kijana mdogo, mchangamfu, ana spika kifuani. Nilitaka awe mshenzi nimtukane vizuri. Hakuwa mshenzi. Akaniletea kiti.

"Mathee, mimi nimeambiwa watu wafurahi," akasema. "Nikiwapa mambo ya huzuni wanatoa simu zao. Nikiwachekesha wanakuwa na mimi."

"Wako na wewe kwa nini? Mwanangu amerudi nyumbani anajua nini?"

"Kwamba kasa ni strong."

"Yule aliyempanda gamba lake limepasuka. Limepasuliwa na nini?"

"Propela ya boti."

"Umewaambia?"

Akakuna kichwa. "Niliwaambia. Mwanzo mwanzo hivi, wakiwa bado wanashuka."

Mwanangu, nilicheka. Nilikuwa nimekuja kupigana, nikacheka peke yangu kama kichaa, maana nilimsikia Bwana Shee: akipona huenda zake kwao, haya, sasa niwape habari. Nikamwomba anionyeshe kasa mwenyewe. Nikaingia na picha yako mkononi. Ufa uko upande wa kulia nyuma, umejazwa dawa nyeupe. Mguu wako ulikuwa juu yake. Juu yake hasa, Nuru.

Sikwambii haya upate kulia. Umeshalia Jumamosi, na nusu ya kilio kile ilikuwa ni haki yangu mimi na huyo kijana. Nakwambia kwa sababu hukuwa na njia ya kujua. Dawa ile ulidhani ni nini? Rangi? Hukuuliza kwa kuwa ulikuwa unacheka, na mtu anayecheka vizuri haulizi. Kijana aliniuliza wazee walikuwa wanaanzaje, nikamweleza ya pumzi. Akasema atajaribu. Watu husema watajaribu, tutaona.

Sasa nasaha yangu, na nitaisema waziwazi kwa kuwa sina hila za kusema kwa mafumbo.

Ukipelekwa mahali kuonyeshwa kiumbe, usiondoke na kichekesho tu. Muulize mwenye kueleza: huyu amefikaje hapa? Atatoka lini? Mimi nikirudi kwetu nifanye nini, niache nini? Akikosa jibu, umeshajua kuwa umeonyeshwa nusu. Wala usimdharau kwa hilo. Kuchekesha si dhambi. Bwana Shee alituchekesha siku zote mbili.

Na ukiwa wewe ndiye msemaji, watazame walio mbele yako kabla hujafungua kinywa. Mtafute aliye mdogo kuliko wote, anayeamini kila kitu. Jiulize, huyu akitoka hapa mikono yake itakwenda kufanya nini? Kama jibu ni kumpanda paka, badilisha maneno. Lile la maana usiliseme wakati watu bado wanatafuta pa kukaa. Liweke pale wanapokusikiliza mpaka wamesahau kupepesa macho, kisha unyamaze, waondoke nalo.

Maneno yako ya Ijumaa sikuyagusa. Mwalimu aliniuliza kama nataka mtoto mwingine apewe nafasi hiyo, nikamwambia hapana. Picha unayo, na wenzako wameshaiona, kwa hiyo kuificha hakuna maana. Ukitaka ionyeshe. Uwaambie wazi mguu wako ulikuwa umekanyaga nini. Ukiona aibu itakushinda, basi sema usemayo, bado utakuwa mwanangu na chakula utakikuta mezani. Lakini ujue kuna watoto wa wavuvi pale, watoto ambao baba zao wanalaza majarife, na jioni ya Ijumaa wataulizwa nyumbani, leo mmefundishwa nini?

Nami nitakuja. Nitaketi nyuma na kina mama wengine, nimevaa buibui langu, sitakukodolea macho wala sitabweka.

Nenda, mwanangu. Mola akupe sauti ya kusikilizwa, na akupe moyo wa kuiogopa kidogo sauti hiyo. Akukutanishe na watu watakaokwambia habari nzima hata kama nusu yake ni chungu. Na kila kiumbe utakayemtaja kwa ulimi wako, wa nchi kavu na wa baharini, awe salama zaidi kwa kuwa wewe umemtaja. Amin, amin, ya Rabbi.